Mbwa mnene na kelele zake: funga kwanza jiko la mtaa

Nimepima watoto wa watu miaka 31 kwenye kliniki ya mama na mtoto, hapa hapa Pemba. Mtoto unamning'iniza kwenye mizani, analia, unatia nukta kwenye kadi, kisha unamwambia mama yake ukweli hata kama hapendi kuusikia. Sasa nimestaafu, nakaa shambani nje ya Wete, na kadi iliyobandikwa ukutani kwangu ni ya mbwa.

Jina lake Bosi. Marehemu mume wangu alimleta kwa ajili ya wezi wanaonyemelea karafuu zilizoanikwa, na tumbili wa muhogoni. Wanaoniuliza "Nesi, mtu wa sala tano na mbwa wapi na wapi?" nawajibu kuwa mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake. Kibanda chake kiko nje, chombo chake mbali, na akilamba chombo chetu kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hayo tulishayamaliza zamani.

Yasiyokwisha yalikuwa mengine. Baada ya kuhasiwa, Bosi alivimba mpaka mgongo ukawa bapa kama meza, na kubweka kwake kukawa tangu alfajiri mpaka watu walale. (Mbwa aliyehasiwa anahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Daktari wa mifugo aliniambia, mie nikasahau.) Nikidhani nina matatizo mawili. Siku moja nikakaa barzani na daftari, kutwa nzima. Kila akibweka naandika saa, aliyepita, na kilichofuata. Mara 14 alibweka. Mara 11 kuna mtu alimrushia kitu ili anyamaze: jirani ukoko wa wali, watoto wa skuli kipande cha boflo, mjukuu wangu Salum andazi zima ili asikie mpira kwenye redio. Hapo nikaelewa. Bosi alikuwa ameajiriwa kubweka, na mshahara wake ulikuwa unamnenepesha.

Kwa hiyo wewe nawe anza na daftari kabla hujagusa sahani yake. Siku moja inatosha, lakini iwe siku ya ukweli, usiwaambie watu kuwa unawaandika.

Kisha mpime. Mizani ya karafuu usiiguse, utagombana na watu, na haki watakuwa nayo. Tumia mizani ya kusimamia ya nyumbani: mtu anapima peke yake, halafu anapima akiwa amembeba mbwa, unatoa. Salum alikuwa kilo 52, pamoja na Bosi 79, basi Bosi 27. Fanya hivyo mbwa akiwa mkavu na kabla hajanywa maji, mtu avae shati la shamba. Mkavu kwa mkavu hapana najisi. Mate ndiyo ya kuangalia.

Kilo peke yake haisemi kitu, maana mbwa wetu hawana kabila la kuandikwa kitabuni. Tumia mkono. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, pitisha kidole mgongoni mwa mkono: mbavu zikigusika hivyo, chini ya ngozi nyembamba, yuko sawa. Geuza, bonyeza nyama ya kiganjani: ukibonyeza mbavuni ukakuta hivyo, unaye mnene. Mtazame na kwa juu pia. Anatakiwa awe na kiuno. Bosi hakuwa nacho.

Kama mbwa wako anakula kidogo na bado ananenepa, manyoya yanapukutika na kutwa amelala, usianze kumpunguzia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ni tezi ya shingoni. Na aliyekonda ghafla, fikiria minyoo.

Chakula ni hesabu ya kopo. Kwa siku tatu kila anachopewa nilikipima kwa kopo la maziwa kabla ya kumtilia, na nilivyoona jumla yake nilijionea haya. Nikaondoa robo. Sikuondoa nusu, na wala usimshindishe mbwa na njaa. Kushuka vizuri ni baina ya asilimia moja na mbili ya uzito wake kwa wiki. Kwa Bosi hiyo ni kama gramu 270 hadi 540, na kusema kweli yeye alishuka polepole zaidi ya hapo, nami sikumsukuma. Anakula mara mbili, asubuhi na kabla ya magharibi: wali kidogo, dagaa walioroweshwa maji yakamwagwa ili chumvi itoke, na boga la kuchemsha lisilo na tui. Boga ndilo linalomjaza tumbo. Machicha ya nazi nilikuwa nampa nikiona ni makapi tu, kumbe mafuta bado yamo. Siku hizi machicha yanaliwa na kuku.

Mabaki ya mchuzi usimpe, kitunguu maji na thomu (kitunguu saumu) ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vijiti vijiti na kumtoboa tumbo. Sisi wa huku tuangalie na mambo mawili zaidi: kungumanga zikianikwa ziwe juu, asizifikie, na ufukweni asiokote samaki aliyetupwa. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, anaua mtu, seuze mbwa.

Sasa kazi ngumu, jiko la mtaa. Nilipita nyumba kwa nyumba. Sikuwaambia "msimlishe", maana hapa kumnyima mnyama ni aibu. Niliwaambia: "Jamani, mkitaka kumpa, mpeni kupitia mkono wangu," nikaweka ndoo yenye kifuniko mlangoni. Ukoko unaingia ndooni. Jioni naamua mie. Mzee wa nyumba ya pili aliniona nimepungukiwa. "Bi Nesi, mbwa naye ana kliniki?" Nikamwambia ndiyo, na kadi anayo. Alicheka, lakini ukoko akautia ndooni.

Ukishafunga mkono wa watu, jitayarishe: kelele zitazidi kwanza. Ni kama mtoto aliyezoea pipi dukani. Siku usiyomnunulia analia zaidi ya jana, na ukimpa hapo umemfundisha kuwa alikuwa hajalia vya kutosha. Kwangu zilikuwa siku tisa mbaya. Siku ya sita Salum alirusha andazi, tukaanza upya.

Katika siku hizo, lipa ukimya. Anabweka, usimkemee, kwake hata kelele zako ni mazungumzo. Ngoja avute pumzi. Akinyamaza kwa hesabu ya tatu, sema "basi" kwa sauti ya chini, mpe dagaa mmoja. Kesho ngoja hesabu ya tano, kisha ya kumi. Dagaa hao watoke kwenye kopo lake la siku, wasiwe nyongeza. Kumpiga hakusaidii. Mbwa anayepigwa kwa kubweka hujifunza kung'ata bila kubweka. Nami niliziba upande wa njia kwa ua wa makuti, maana nusu ya aliyokuwa akiyabwekea ni miguu ya wapita njia. Mnyororo wa kutwa niliutoa, nikampa kamba ndefu inayoteleza juu ya waya baina ya minazi miwili.

Mtembeze baada ya sala ya alfajiri na jioni jua likishapoa. Mbwa mnene akitembezwa mchana anaweza kufa kwa joto, hana jasho la mwili kama letu. Tulianza dakika kumi. Shika kamba fupi, ukiona mtu wa msikitini ana udhu wake, pisha mbali, salimia kwanza wewe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiache. Mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anatoka mate, hamezi, huyo si wa kufundishwa tena. Jitenge naye, toa taarifa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Miezi saba imemfikisha Bosi kilo 20 na nusu, na kiuno kimeonekana. Mwezi wa tano tu ndio ulionitisha: kadi ilionyesha amepanda. Nikahoji mtaa mzima, nikafungua ndoo, nikamshuku mzee wa watu. Kumbe nilikuwa bado natoa 52 zile za mwanzo, na Salum alikuwa ameshafika 54. Sasa nawapima wote wawili kila mara, Salum kwanza. Kadi yake bado amekataa nisiibandike ukutani.