Kusukuma chembe za plazma bila kuvuja nishati: algoriti ya Boris

Chembe yenye chaji, kama zile za plazma (gesi iliyogawanyika kuwa elektroni na ioni), ikiwa ndani ya uga wa sumaku peke yake huzunguka tu. Sumaku haiiongezei nishati wala haiipunguzii. Programu yako ya kuiga mwendo huo nayo isithubutu kufanya hivyo. Niliwahi kutumia Runge-Kutta ya daraja la nne, mbinu ya kawaida ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, nikaona elektroni zangu zinapoa polepole, nikahangaika siku kadhaa kutafuta sababu ya kifizikia. Haikuwepo: hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikila nishati. Kwa ωΔt = 0.5, ambapo ω = qB/m ni kasi ya mzunguko (q ni chaji, m ni masi, B ni uga wa sumaku) na Δt ni muda wa hatua moja, mbinu hiyo hupoteza takribani 0.02% ya nishati kila hatua. Ni kidogo mno kuonekana, lakini baada ya hatua 10,000 nishati inayobaki ni kama 12% tu.

Mwanafizikia Jay Boris alitoa njia iliyo salama zaidi mwaka 1970.

Hatua ya 1. Mahali x pahesabiwe kwenye nyakati 0, Δt, 2Δt. Vekta ya kasi v ihesabiwe katikati ya nyakati hizo. Kwa hiyo kabla ya kuanza, irudishe v nyuma kwa nusu hatua. Wengi husahau hapa.

Hatua ya 2. Soma uga wa umeme E na wa sumaku B pale chembe ilipo, kisha ongeza nusu ya msukumo wa umeme:

v⁻ = v + (qE/m)(Δt/2)

Hatua ya 3. Zungusha. Kiini cha algoriti kiko hapa. (t na s ni vekta za msaada; t hapa si wakati.)

t = (qB/m)(Δt/2)
s = 2t/(1 + t·t)
v′ = v⁻ + v⁻ × t
v⁺ = v⁻ + v′ × s

Usishtuke v′ ikiwa ndefu kuliko v⁻. Ni ya kupitia tu. Urefu wa v⁺ unalingana na wa v⁻ kwa Δt yoyote ile. Usijaribu kuokoa muda kwa kuandika s = 2t, maana kigawanyo hicho ndicho kinacholinda nishati.

Hatua ya 4. Ongeza nusu ya umeme iliyobaki kwenye v⁺ upate v mpya, kisha x = x + vΔt.

Gharama yake ni kuchelewa. Kwa ωΔt = 0.5 chembe huzunguka radiani 0.49 badala ya 0.5, yaani pungufu ya 2%. Mimi huteremka hadi 0.2, ambapo kosa hilo ni karibu 0.3%. Na mwaka 2013 Hong Qin na wenzake walionyesha kwamba algoriti hii hutunza ujazo wa nafasi ya awamu (nafasi ya mahali na kasi zote zinazowezekana za chembe), ingawa si simplektiki, yaani haitimizi sharti kali zaidi la kutunza muundo wote wa nafasi hiyo. Ndiyo maana hudumu kwenye uigaji mrefu.

Hatua ya 5. Jaribu. Weka E = 0 na B isiyobadilika, endesha hatua 100,000, linganisha v·v ya mwanzo na ya mwisho. Tofauti iwe ile ya kukadiria desimali tu. Ikipanda au kushuka, kagua s kwanza. Halafu chora njia ya chembe: ukigeuza mpangilio wa vekta katika mazidisho yote mawili, nishati itatulia vilevile huku chembe ikizunguka kinyume. B ikikuelekea wewe unayetazama, chaji chanya lazima izunguke kama mishale ya saa.