Somo: Kulima Mboga Juu ya Dari za Lamu

Kabla ya kununua mbegu, shuka chumbani, lala chali, uzitazame boriti. Nyumba zetu za matumbawe na chokaa hubeba dari zake kwa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazizidi mita 3 hivi kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Wakulima wa mboga wa Singapore, walioruhusiwa kulima juu ya mapaa ya majengo ya ghorofa ya kuegeshea magari, wana zege iliyokusudiwa kubeba magari, sisi hatunayo.

Hatua ya 1: Panga ndoo kandokando ya kuta, si katikati. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufikia kilo 30 au zaidi. Mimi niliweka pipa zima katikati, na masika ilipoingia chokaa ikaanza kumdondokea mavyaa wangu kitandani. Hadi leo huniuliza habari za bustani kabla ya kuitikia salamu.

Hatua ya 2: Punguza uzito kwa kuchanganya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa kwa maji matamu, samadi ya punda, na udongo kidogo. Samadi mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo irundike wiki 6 au zaidi, mpaka ukitia mkono ndani ya lundo usisikie joto.

Hatua ya 3: Toboa ndoo chini na uziinue juu ya vibao, kwani chokaa inayolowa kila siku hupitisha maji, na boriti huoza kimyakimya.

Hatua ya 4: Panda mchicha, kunde na rihani. Kinga miche kwa makuti upande unaotoka upepo, ukihamisha kinga kusi na kaskazi zinapopokezana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kisima chetu cha Langoni kina maji ya chumvichumvi; yanafaa?*
Marahaba. Yachanganye na ya mvua, umwagilie mpaka yatiririke chini ili yaondoke na chumvi. Mchicha huvumilia, maharagwe hayatastahimili.

*Je, nahitaji ruhusa?*
Kwa ndoo, sidhani. Ukitaka kujenga tangi au ukuta, ulizia kwanza ofisi ya uhifadhi, kwa kuwa Mji wa Kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001.

*Na mbu?*
Ondoa visahani vilivyo chini ya ndoo, ndugu yangu, na ufunike pipa la mvua kwa kitambaa cha chandarua.