Kujiandaa Kwenda Kahuzi-Biega Ukitokea Bukavu

Maelekezo haya ni ya mtu anayeishi Bukavu, au aliyefikia kwa ndugu zake mjini humo, anayetaka kwenda upande wa milimani wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega.

Hatua ya 1: Hakikisha njia iko wazi

Tangu vita vilipoingia Bukavu mwezi Februari 2025, habari za wiki iliyopita hazitoshi kumtoa mtu nyumbani. Iulize ofisi ya hifadhi kama inapokea wageni, kisha uwaulize madereva wa njia ya Miti, mji mdogo ulio njiani kuelekea hifadhini, kama barabara inapitika; majibu yao yasipolingana, ahirisha. Sipendi kumwachia dalali kazi hii, kwa kuwa yeye hupata chake ukienda tu.

Hatua ya 2: Chagua gorila au mlima

Usiviweke vyote viwili katika siku moja. Mlima Kahuzi una urefu wa mita 3,308, nao unastahili siku yake, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati mvua imepungua.

Hatua ya 3: Jichunguze afya kabla ya kulipa

Wageni wengi huipuuza hatua hii, na ndiyo iliyomrudisha shemeji yangu kutoka langoni akiwa amekwisha kulipa gari na kibali, kwa sababu ya mafua aliyoyaona madogo. Gorila wa Kahuzi-Biega walianza kuzoeshwa watu mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Adrien Deschryver, Mbelgiji mhifadhi aliyeanzisha hifadhi hiyo, na mazoea hayo yanayotuwezesha kuwakaribia ndiyo yanayowaweka pia karibu na pumzi zetu. Ugonjwa wa njia ya hewa unaomlaza mtu siku mbili unaweza kuua gorila, na ukimpata mmoja huenea katika familia nzima, kwa kuwa hula na kulala pamoja.

Kwa hiyo, ukiwa na kikohozi, homa, mafua au tumbo la kuhara, usiende, na usimeze dawa ya kuficha dalili ili upite, kwani dawa hiyo haizuii kuambukiza. Kabla ya kulipa, uliza waziwazi kama kibali kinaweza kuhamishiwa siku nyingine, na uombe jibu hilo kwa maandishi. Jibu la mdomo husahaulika upesi. Ikiwa kuna mtoto anayekohoa katika nyumba uliyofikia, hesabu kwamba nawe huenda ukakohoa kesho kutwa. Chukua barakoa mbili, maana ya kwanza italowa jasho kabla hamjafika, na uivae ya pili mtakapoambiwa kuwa gorila wako karibu. Mkiwa mbele yao, kaeni mbali nao angalau mita 7, hata wao wakisogea. Muda ni saa moja tu. Anayetaka kukohoa ageuke, afunike mdomo kwa kiwiko, na asiteme mate msituni.

Hatua ya 4: Mavazi

Vaa suruali ndefu uliyoichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, shati la mikono mirefu, glavu za bustani na koti la mvua. Kati ya viatu vya michezo na buti za mpira, mimi nachagua buti bila kusita: waongozaji hukata njia kwa panga, na kati ya mianzi kuna matope hata wakati wa kiangazi.

Hatua ya 5: Barabara

Fuata barabara ya Kavumu hadi Miti, kisha kata kushoto kuelekea Tshivanga, kwenye makao ya hifadhi. Ondoka alfajiri. Kodi gari kwa siku nzima, wala usikubali dereva akushushe na kuahidi kurudi saa fulani, kwa sababu gorila huhama kila siku, na kuwatafuta huweza kuchukua muda mfupi au saa kadhaa. Mpe dereva pesa ya chakula, na nusu ya malipo uishike mpaka mtakaporudi Bukavu.