Namna ya kustahili ruzuku ya serikali ya kufunga pampu ya joto nyumbani: England na Wales

Mtu anayemiliki nyumba England au Wales, na ambaye boila yake ya gesi imeanza kuchoka, anaweza kupunguziwa pauni 7,500 katika gharama ya kufunga pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto kutoka hewani au ardhini na kulipeleka ndani ya nyumba. Fedha hizo hutolewa na serikali kupitia mpango uitwao Boiler Upgrade Scheme, unaosimamiwa na Ofgem, yaani mamlaka inayodhibiti biashara ya gesi na umeme. Hizo si fedha za mkopo, hazirudishwi, na kipato cha mwenye nyumba hakiulizwi. Hata hivyo wapo wengi wanaokwama, na mara nyingi hawakwami kwenye fomu ya maombi, kwa kuwa fomu hiyo hujazwa na fundi. Hukwama kwa sababu ya mambo yaliyotakiwa kushughulikiwa mapema: cheti kilichopitwa na wakati, hati ya umiliki yenye masharti ambayo hayakusomwa, au fundi hodari asiye na usajili unaotakiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi.

Masharti yanayoelezwa hapa ni yale yaliyotumika mwaka 2025. Tangu maombi yalipofunguliwa Mei 2022, serikali imekwisha kuyabadilisha zaidi ya mara moja, kwa hiyo yasome upya katika tovuti ya GOV.UK siku unayoamua kuanza. Mabadiliko mawili yafaa kuyafahamu, kwa sababu ushauri wa zamani bado unazunguka mitaani. La kwanza ni kwamba ruzuku ya awali ilikuwa pauni 5,000 kwa pampu inayovuta joto kutoka hewani na pauni 6,000 kwa ile inayolivuta kutoka ardhini. Oktoba 2023 zote mbili zilipandishwa hadi pauni 7,500. La pili ni kwamba hadi Mei 2024, nyumba ambayo cheti chake cha matumizi ya nishati kilipendekeza kuwekewa matandiko ya kuzuia joto lisipotee darini au ndani ya uwazi wa ukuta haikuweza kupata ruzuku mpaka kazi hiyo ifanywe kwanza. Sharti hilo limeondolewa. Anayekuambia leo kwamba ni lazima uanze na dari anakupa habari za jana, ingawa kwa faida ya mfuko wako ushauri wenyewe si mbaya hata kidogo.

Anza kwa kujiuliza kama wewe ndiye mwenye nyumba. Ruzuku hutolewa kwa mmiliki, awe anaishi humo mwenyewe, anaipangisha, au ni nyumba yake ya pili. Mpangaji hawezi kuomba, lakini hakuna kinachomzuia kumshawishi mwenye nyumba aombe. Nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi ya jamii haziingii katika mpango huu. Kadhalika nyumba mpya iliyojengwa na kampuni kwa ajili ya kuuzwa haistahili. Inayokubaliwa ni ile ambayo mtu amejijengea mwenyewe. Wenye fleti, ambao kwa kawaida hushikilia hati ya miaka kadhaa huku ardhi na kuta za nje zikiwa mali ya mtu mwingine, ni bora waisome hati yao kabla ya jambo lolote. Kifaa cha nje cha pampu hukaa ukutani, uani au juu ya paa, mahali ambapo mara nyingi si pa mwenye fleti, na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mmiliki wa jengo inaweza kuchukua miezi mingi.

Swali la pili linahusu chombo unachokiondoa. Pampu inapaswa kuchukua nafasi ya mfumo unaotumia gesi, mafuta au makaa ya mawe, au hita za kawaida za umeme. Ikiwa nyumba ina pampu ya joto tayari na unataka kuibadilisha kwa mpya, hupati kitu. Vivyo hivyo, ikiwa nyumba hiyo ilikwisha kupata fedha za serikali kwa ajili ya pampu ya joto au boila inayochoma kuni, hesabu imefungwa, hata kama aliyezipokea ni mmiliki aliyekutangulia. Fedha za serikali zilizotumika kuzuia joto lisipotee, au kubadilisha milango na madirisha, hazihesabiwi dhidi yako.

Pampu mpya lazima iweze kupasha joto nyumba nzima na pia kuchemsha maji ya kuoga na kuoshea vyombo. Kwa sababu hiyo mfumo mseto, ambamo pampu hufanya kazi bega kwa bega na boila ya gesi, haukubaliwi. Aina zenye kupata zile pauni 7,500 ni pampu zinazopeleka joto kwenye maji yanayozunguka katika mabomba ya nyumba. Mashine zinazopuliza hewa ya moto moja kwa moja chumbani hazikuwamo katika masharti haya. Uwezo wa pampu usizidi kilowati 45, kiwango ambacho nyumba ya kawaida haikikaribii kamwe. Boila ya kuni nayo ina ruzuku yake ya pauni 5,000, lakini ni kwa nyumba za vijijini ambazo hazijaunganishwa na bomba la gesi.

Halafu kuna cheti cha matumizi ya nishati cha nyumba, kinachojulikana na kila mtu kwa herufi zake, EPC. Cheti hiki huipa nyumba daraja kuanzia A hadi G na hudumu miaka 10. Kwa ajili ya ruzuku hii daraja lenyewe halina uzito. Kinachotazamwa ni kwamba cheti kipo na hakijamaliza muda. Ingia kwenye rejista ya serikali ya vyeti, andika msimbo wa posta, kisha tafuta namba ya nyumba yako. Usitosheke na kuona kwamba cheti kipo. Linganisha anwani, herufi kwa herufi, na ile iliyo kwenye hati ya umiliki, na utazame kama mfumo wa kupasha joto ulioandikwa humo ndio ulio nyumbani kweli. Nyumba iliyobadilishiwa namba, au iliyogawanywa kuwa fleti mbili, huweza kuwa na cheti kinachoelezea jengo ambalo halipo tena. Kurekebisha jambo hilo mapema ni kazi ya kumwita mkaguzi mara moja. Likigundulika fundi akiwa ameshatuma maombi, safari huanza upya.

Sasa tuje kwa fundi. Ni lazima awe amesajiliwa na MCS, mfumo wa kuthibitisha mafundi na vifaa vya nishati mbadala, na pampu yenyewe iwe imeidhinishwa. Jina la fundi au kampuni yake litafute wewe mwenyewe kwenye orodha ya MCS. Nembo iliyobandikwa ubavuni mwa gari si ushahidi. Angalia pia kwamba usajili wake unahusu pampu za joto, kwa kuwa wapo waliosajiliwa kwa paneli za jua peke yake. Ita angalau mafundi watatu, na umpime kila mmoja kwa namna anavyopima nyumba yako.

Upimaji huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi anayejua kazi huingia chumba hadi chumba, akipima kuta na madirisha, akigonga ukuta kujua kama una uwazi katikati, akichungulia darini, na akiandika ukubwa wa kila rejeta, yale mabamba ya chuma yanayopitishiwa maji ya moto. Chukua mfano wa sebule ambayo, usiku wa baridi kali, hupoteza joto la wati 1,200. Rejeta iliyomo imeandikwa wati 2,000, na ilipokuwa ikitumiwa na boila yenye kutoa maji ya nyuzi 70 na zaidi ilitosha na kusaza. Pampu, ili ifanye kazi kwa ufanisi, hutoa maji ya nyuzi 45 hivi, na katika hali hiyo rejeta ileile hutoa wati 700 tu, au karibu na hapo. Chumba hakitapata joto. Jibu ni rejeta kubwa zaidi, au kupunguza joto linalovuja, na wala si kuipandisha pampu hadi nyuzi 60. Pampu iliyolazimishwa kutoa maji ya moto sana hula umeme mwingi, na mpango huu unataka kipimo cha ufanisi wa mwaka mzima, kiitwacho SCOP, kisipungue 2.8, maana yake, kwa kila uniti moja ya umeme inayoingia, joto la uniti 2.8 au zaidi litoke. Fundi anayekaa sebuleni, akauliza idadi ya vyumba vya kulala na kuandika bei kabla ya chai kupoa, hajapima kitu.

Akiwa hapo, muulize mambo mawili yasiyohusu ruzuku moja kwa moja lakini yanayoweza kuichelewesha. Moja ni umeme: kampuni inayomiliki nyaya za eneo lako inapaswa kuarifiwa, na nyumba yenye fyuzi kuu ndogo, au inayogawana waya mmoja na jirani, inaweza kuhitaji kazi ya ziada barabarani. La pili ni kibali cha ujenzi. Nyumba nyingi hazikihitaji iwapo kelele ya pampu haizidi kiwango kilichowekwa, na mwishoni mwa Mei 2025 England iliondoa ile kanuni ya kukiweka kifaa umbali wa mita moja kutoka mpakani mwa jirani. Wales ina kanuni zake. Majengo ya kihistoria na mitaa iliyohifadhiwa yanahitaji jibu la maandishi kutoka halmashauri.

Makadirio ya gharama yakifika, yasome ukiwa na kalamu mkononi. Ruzuku inapaswa kuonekana katika mstari wake, imetolewa kwenye bei kamili. Tuseme bei ni pauni 12,500: utaona pauni 7,500 zikiondolewa na pauni 5,000 zikibaki kwa ajili yako. Kodi ya VAT iwe sifuri, kwani msamaha huo unaendelea hadi tarehe 31 Machi 2027. Tazama kama tangi la maji ya moto, rejeta mpya na kuondoa boila ya zamani vimo ndani ya bei au vitakujia baadaye kama mshangao. Uliza pia, na ujibiwe kwa maandishi, nani atabeba hasara endapo Ofgem itakataa maombi. Mkataba ukisainiwa nyumbani kwako, kwa kawaida sheria inakupa siku 14 za kubadili mawazo.

Baada ya makubaliano, fundi hutuma maombi Ofgem kwa niaba yako. Wewe una kazi moja tu, nayo ndiyo inayosahauliwa: Ofgem hukuandikia barua pepe ikitaka uthibitishe kwamba nyumba ni yako na kwamba umemruhusu fundi huyo. Usipoijibu kwa wakati, maombi hayaendi mbele. Mpe fundi anwani unayoifungua kila siku, na uchungulie folda ya barua taka. Kama baba au mama mzee ndiye mwenye nyumba na hatumii barua pepe, mwambie fundi tangu mwanzo ili Ofgem iombwe njia nyingine.

Maombi yakikubaliwa, vocha hutolewa kwa fundi. Ya pampu ya hewa hudumu miezi 3, na ya pampu ya ardhini miezi 6, kwa kuwa kuchimba huchukua muda. Ndani ya kipindi hicho pampu iwe imefungwa, imewashwa na kupewa cheti cha MCS, kisha fundi adai fedha zake. Kwa hiyo kabla hajaomba vocha, hakikisha ana tarehe ya kazi na vifaa vimeagizwa. Wewe hulipi zile pauni 7,500 ukasubiri kurudishiwa. Anayekutaka ufanye hivyo muulize sababu.

Wenye kipato kidogo wasikimbilie mpango huu kabla ya kuangalia mingine, kwani pauni 5,000 za kumalizia si haba. England kuna Warm Homes: Local Grant, unaopitia halmashauri na kulenga nyumba zenye daraja la D hadi G ambazo kipato cha kaya hakizidi pauni 36,000 kwa mwaka, na Wales kuna mpango wa serikali uitwao Nest. Uskoti ina utaratibu wa Home Energy Scotland, wenye ruzuku ya pauni 7,500, au 9,000 kwa maeneo ya vijijini na visiwani, pamoja na mkopo usio na riba kwa anayeuhitaji. Huko mwombaji ni mwenye nyumba mwenyewe, na akianza kazi kabla ya kupokea barua ya kukubaliwa, hulipwa sifuri.

Kazi ikikamilika, weka pamoja cheti cha MCS, hesabu za joto la kila chumba, ankara ya mwisho, dhamana, na picha ya boila ya zamani ikiwa bado ukutani. Ofgem ina haki ya kukagua nyumba zilizonufaika, na picha hiyo, ambayo hupigwa kwa sekunde mbili kabla fundi hajaifungua boila, haiwezi kupigwa tena baadaye.