Kuhesabu sokwe usiowaona: viota na programu ya Distance

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, vijana wanaoshuka kutoka hifadhi ya Kahuzi-Biega kuhesabu viota ambamo sokwe hulala huniletea daftari: "Kaka, tuliona viota vingi, weka kwenye kompyuta." Polepole kwanza. Distance, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, haitaki idadi tu. Inataka umbali kutoka kwenye mstari unaoutembea hadi chini ya kiota, kwa pembe mraba. Pima kwa utepe, usikisie. Mimi nilikisia mwaka mmoja. Namba zote zikaishia 0 au 5, nikarudi msituni na mvua ile.

Kiota kilicho juu ya kichwa chako kisikupite, hesabu nzima inategemea hicho. Tafuta viota 60 hadi 80 au zaidi. Mstari usio na kiota nao uuandike, pamoja na urefu wake. Ukishaingiza jedwali, jaribu mikunjo kadhaa, yaani michoro ya jinsi viota vinavyozidi kukosekana kuonekana kadiri vilivyo mbali na mstari, kisha chukua wenye AIC ndogo, alama ambayo programu hutoa kulinganisha mikunjo hiyo.

Jibu ni viota, si sokwe. Ligawe kwa viota ambavyo sokwe mmoja hujenga kwa siku, kisha kwa siku ambazo kiota hudumu kabla ya kuoza. Na hifadhi faili mapema, umeme wa mtaa wetu wa Kadutu haupigi hodi ukiondoka.