Kuni za vuli hukatwa Juni

Masika yakiisha, Mwanza hupata miezi kama minne ya ukavu kabla vuli haijaingia Oktoba. Kuni za kupikia kipindi cha vuli ziwe zimekatwa, zimechanjwa na kupangwa kabla Juni haijaisha. Atakayengoja Septemba atapikia moshi.

Kabla ya kuwasha msumeno, mwoneni afisa misitu wa wilaya na uongozi wa kijiji au mtaa, hata kama mti ni wa shambani mwenu, na hasa kama kuni zitasafirishwa. Ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa unalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa hiyo miti ya huko iacheni. Mkaratusi, mjohoro na mvinje hutoa kuni nzito zenye kaa zuri. Mwembe hukaa na maji mengi na huota ukungu upesi. Uzio wa minyaa msiupitishie msumeno kabisa: mnyororo huurusha utomvu wake, nao huunguza macho vibaya.

Kosa linaloua misumeno mingi kandokando ya ziwa hili ni la oili. Oili ya injini ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Msumeno wa mnyororo hupozwa kwa hewa na joto lake ni kali zaidi. Ukiuwekea oili ile, pistoni hukwaruzika na mwisho hukwama. Tafuteni oili ya 2T, yaani ya kuchanganywa na petroli, ya injini zinazopozwa kwa hewa. Kitabu cha msumeno kikisema 50 kwa 1 (petroli 50 kwa oili 1), ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli. 25 kwa 1 ni mililita 40. Kila mnapojaza petroli, jazeni na oili ya mnyororo. Kuhakikisha inafika, elekezeni ncha ya bapa, chuma kinachobeba mnyororo, kwenye gogo jeupe na mvute mafuta: mstari mwembamba wa oili lazima uonekane.

Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao. Butu hutoa unga. Ukianza kutoa unga, zimeni injini na mnoe kwa tupa ya duara inayolingana na mnyororo (milimita 4 kwa ile midogo, 4.8 au 5.5 kwa mikubwa), kwa pembe ya nyuzi 30, mkisukuma kuelekea mbele tu. Kila jino lipate idadi ileile ya misukumo, kwani meno ya upande mmoja yakibaki marefu, msumeno hukata kwa kupinda. Huku kwetu adui mkubwa ni mchanga wa mawe: mguso mmoja ardhini unamaliza makali yote. Gogo lilazwe juu ya magogo mengine, na magome yenye udongo yafutwe kwanza.

Gogo lililoegemea ncha zote mbili hubanwa juu: kateni theluthi moja kutoka juu, kisha malizieni kutoka chini. Lililoning'inia upande mmoja, geuzeni mpango huo. Pembe ya juu ya ncha ya bapa isiguse kitu, maana hapo ndipo msumeno hurukia uso wa mshikaji. Wasaidizi wakae mita 3 au zaidi. Mti unapoangushwa, umbali uwe mara mbili ya urefu wake.

Kateni vipande vya sentimita 40 na mvichanje siku hiyohiyo hadi unene wa sentimita 8 hadi 12. Mkaratusi mbichi hupasuka vizuri kwa shoka. Ukikauka hukaza nyuzi, na mtavunja mipini bure. Gogo zima lenye gome hukauka polepole sana, kwa sababu maji hutoka zaidi kupitia ncha na nyuso zilizochanjwa.

Rundo likae juu ya mwamba au mawe, sentimita 20 kutoka ardhini, mchwa wasipande. Lielekezeni ili upepo wa ziwa ulipite katikati, mstari mmoja tu kwa unene. Bati lifunike juu peke yake. Turubai likizungushwa pande zote, mvuke hubaki ndani na kuni huota ukungu mweupe.

Kujua kama zimekauka, mizani ya samaki inatosha. Tieni alama vipande vyenye jumla ya kilo 10 siku ya kuchanja, mvipange katikati ya rundo, mvipime kila wiki. Mkaratusi mbichi karibu nusu yake ni maji, hivyo uzito utashuka hadi kama kilo 6. Wiki mbili mfululizo zisipobadilika, ziko tayari. Ncha ikitoa povu motoni, zirudisheni rundoni mwezi mmoja.

Mkikata pamoja na majirani, mgao ufanyike baada ya kupanga, kwa rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1. Mwenye msumeno akatiwe kwanza gharama ya petroli, oili na mnyororo, kisha kilichobaki kigawanywe kwa siku ambazo kila jirani alifanya kazi.