Jinsi ya kujenga mteremko wa kiti mwendo kwenye kona ya barabara

Kabla ya kushika sururu, nenda kwenye kona yenyewe na mtu anayetumia kiti mwendo. Apite kama anavyopita kila siku, wewe mfuate nyuma. Pale anapolazimika kushuka barabarani na kugombania njia na bodaboda, hapo ndipo pa kuanzia. Kwa Tanzania, barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Omba kibali kwanza.

Hatua ya 1. Pima kimo cha ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unadai mita 1.8. Usipunguze: mteremko mkali humwangusha mtu chali. Njia ikiwa nyembamba, shusha kona nzima, watu wateremke taratibu kutoka pande zote mbili.

Hatua ya 2. Upana usipungue mita 1.2, bila nguzo ya umeme katikati. Ng'ambo ya barabara pawe na mteremko mwingine unaotazamana na huu, la sivyo mtu atavuka akwame kwenye magari.

Hatua ya 3. Vunja, chimba, shindilia, mwaga zege la sentimita 10: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4.

Hatua ya 4. Hapa ndipo tunapoharibu. Mteremko ukutane na lami sawasawa kabisa. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo kama kisahani cha chai. Mteremko wangu wa kwanza niliuachia kizingiti cha sentimita 2 chini. Mama mmoja muuza vocha akaja kuujaribu. Magurudumu yakagota, akarushwa mbele, akajizuia kwa kiganja kwenye lami. "Fundi, hapa mimi sipiti." Nikauvunja siku hiyohiyo.

Zege likiwa bado bichi, egemeza ubao wa sentimita 120 juu yake, ulale sawa kwa pimamaji. Uwazi wa upande wa chini usizidi sentimita 10.

Hatua ya 5. Pitisha ufagio mgumu kukatisha mteremko, uso ukwaruze. Vigae vya kuteleza hapana. Mwagilia siku 7.

Ukitakiwa kuweka nguzo za kuzuia bodaboda, ziachane angalau sentimita 90. Pikipiki nyembamba itapenya, lakini ukizibana zaidi utamfungia nje uliyemjengea.